Kibao cha Wawili Waliopeana Mgongo

Keti hapo kwenye kigoda, mjukuu wangu, uandike. Mimi nitakaa hivi nilivyokaa, nimekupa mgongo nikilitazama dirisha, na usiniombe nigeuke. Andika ninayoyasema kama ninavyoyasema. Ukiona neno limekaa vibaya, liache likae vibaya, kwa kuwa ni langu. Na wewe rafiki utakayeyasoma haya siku moja, au utakayesomewa kama mimi ninavyosomewa, karibu uketi. Habari yenyewe si ya haraka.

Asubuhi ya leo walikuja vijana wa barabara waliovaa vizibao vya rangi ya chungwa. Wakachimba mashimo mbele ya nyumba yetu, wakasimamisha nguzo mbili, wakapachika kibao kipya cha kijani. Mjukuu wangu huyu alitoka mbio kwenda kukisoma. Nilimwita, hakusikia. Nilimwita tena kwa sauti ambayo hajapata kuisikia kinywani mwangu, na nilipomfikia nilimkamata mkono kwa nguvu hata akalalamika kwamba namuumiza. Akanieleza, huku akijisugua, kwamba hakuna la kuogopa: ile njia ya malori ipitayo nyuma ya mji, tuliyozoea kuiita mchepuko, imeunganishwa na michepuko mingine, na yote pamoja imekuwa barabara kuu yenye namba yake. "Ni kibao tu, Bibi," alisema. Ndipo nikamwambia alete kalamu.

Mimi sikupelekwa shule. Nilizaliwa katika kambi ya mashamba ya mkonge, upande wa Korogwe, na tangu nilipoweza kusimama na mtoto mgongoni nilikuwa mlezi wa wadogo zangu, wakati baba na mama wakikata majani. Kwa hiyo mtu akiniuliza habari za utoto, wangu mwenyewe ni mfupi mno kuusimulia. Utoto nilioujua vizuri, niliouogesha, nikaupikia na kuusuka nywele, ni wa mama yako, mjukuu wangu. Na niliujulia mbali sana na nyumbani, katika mji wa Guangzhou, huko China, miaka ile ya mwisho kabla ya karne kugeuka. Hata leo ninapoota ndoto za zamani, mara nyingi najikuta mji ule. Nauota kwa mapenzi, na kila mara naamka nimeogopa.

Babu yako alikuwa mfanyabiashara wa nguo na redio. Alinunua kule, akauza Kariakoo, na muda mwingi alikuwa huku nyumbani akisubiri mzigo utoke bandarini. Mimi na mama yako tulibaki kule, eneo la Xiaobei, katika chumba cha ghorofa ya juu, nyumba ya mjane mmoja wa Kichina aliyekuwa mkali kama mimi. Watu wetu walikuwa wachache siku hizo. Kwenye mtaa wa Dengfeng, mtu akipita dirishani akiongea Kiswahili, niliacha mwiko chunguni nikachungulia. Nao walinijua. Waliotoka Dar es Salaam, waliotoka Unguja, waliotoka Mwanza na Mbeya, wote walipanda ngazi zile kuja kula kwangu. Nilikuwa na mbuzi ya kukunia nazi niliyokuja nayo kwenye sanduku, na nazi zao zilikuwa nzuri. Dagaa zililetwa na wageni, zimefungwa katikati ya mashati. Unga wa mahindi ulikuwa wa taabu kuupata, tena wa njano, lakini mtu aliyekula tambi mwezi mzima hakuuliza rangi ya ugali.

Majira ninayoyakumbuka zaidi ni yale ya unyevu, kabla ya joto kuingia. Kuta zilitoka jasho. Sakafu iliteleza kana kwamba imemwagiwa maji, na nguo tulizozitundika kwenye mianzi nje ya dirisha zilirudi ndani zikiwa mbichi na zenye harufu ya uyoga. Mama yako alipewa kazi ya kupangusa ukuta kwa kitambaa kila asubuhi, naye aliuimbia ukuta kama mtu anayembembeleza mtoto mwenye mafua. Jiko letu lilikuwa la makaa ya duara yenye matundu. Alipenda kuchungulia moto kupitia matundu yale, na nilimkataza, na alichungulia nisipomwona. Alikuwa na umri wa kung'oka meno ya mbele.

Sasa nieleze barabara, maana bila hiyo hutanielewa.

Kila baada ya siku chache tulikwenda soko la jumla la vyakula, pembezoni mwa mji. Soko lile lilikuwa chini ya mchepuko wa kaskazini. Ninaposema chini, nina maana ya chini kabisa: barabara ilipita angani, juu ya nguzo nene za zege, na watu walinunua kabichi na bata katikati ya miguu yake. Malori yalipopita juu, zege lilitetemeka na maji yakadondoka kutoka kwenye maungio. Sikupata kuizoea sauti ile. Mama yako aliniuliza siku moja, "Mama, wale wanaokaa huko juu hushuka saa ngapi kula?" Nikamwambia hakuna anayekaa juu, wanapita tu. Akasema, "Masikini."

Mahali magari yalipokwea kwenda juu palikuwa na kibao kikubwa, na chini ya kibao hicho ndipo lilipokuwa likisimama basi la kuturudisha Xiaobei. Wenye kusoma walitambua maandishi yake. Mimi nilitambua umbo moja tu, lile la kwanza: watu wawili waliokaa wamepeana mgongo, kila mmoja amekunja goti upande wake. Hivyo ndivyo nilivyoliona, na sikuhitaji zaidi. Baadaye niliambiwa kwamba maana yake ni kaskazini.

Wafanyabiashara wote walitembea na kadi ya hoteli mfukoni, yenye anwani kwa Kichina, ili wakipotea wamwonyeshe dereva wa teksi. Nilishauriwa nimshonee mama yako kadi ya namna hiyo ndani ya nguo. Nilikataa. Karatasi hulowa, karatasi hudondoka, na mtu ambaye hajawahi kuambiwa lolote na karatasi hawezi kuikabidhi mtoto wake wa pekee. Nilimpa kitu nilichokiamini. Nilimwambia: "Ukipotezana nami sokoni, usilie, usimfuate mtu, usimjibu mtu. Tafuta wale wawili waliopeana mgongo. Ukiwaona, kaa chini yao. Mimi nitakuja." Na ili asisahau, kila jioni baada ya kuosha vyombo tulikaa sakafuni, mgongo wangu na mgongo wake, tukakunja magoti, tukawa kibao. Nilisikia moyo wake kwenye uti wangu. Alikuwa akicheka, nami namkanya asicheke, maana lile halikuwa jambo la mchezo.

Aliyenifahamisha habari za barabara alikuwa wakala wa mizigo, kijana wa Dar es Salaam aliyekuja kusoma akabaki kusafirisha kontena. Siku moja tumekaa tunakula, nikamuuliza kwa nini upande wa kusini, tulipopita na lori lake kupeleka marobota ya babu yako, niliona barabara nyingine ya juu iliyokatika hewani. Ilikatika kweli, mjukuu wangu. Ilikuwa inakwenda vizuri juu ya nguzo zake, kisha ikakoma, na nondo zikatokeza mwishoni kama mifupa ya samaki, na chini yake yalikuwa maji ya mto. Picha ile ilinikaa rohoni.

Wakala akachana chapati vipande virefu. "Mama, tazama. Chukulia mji ni hili bakuli la maharage."

"Basi mji umeiva," akasema mzee mmoja wa Unguja aliyekuwa akinunua vyombo vya nyumba. "Tuule."

"Ngoja, mzee wangu." Akalaza kipande kimoja juu ya bakuli. "Huu ni mchepuko wa kaskazini, ndio uliotangulia. Malori yalikuwa yanakatiza katikati ya mji, moshi, kelele, watu wanagongwa. Wakasema yapitie pembeni. Hawakuwa na fikra nyingine zaidi ya hiyo. Halafu magharibi nako kukajaa, wakajenga mwingine. Halafu huku. Kila mmoja ulijengwa peke yake, una watu wake, una jina lake. Sasa wamegundua kwamba ukiziba haya mapengo, unapata duara."

"Wamegundua leo?" mzee akauliza. "Mimi nimeona tangu ulipoanza kuichana chapati."

Watu wakacheka. Wakala naye akacheka, lakini hakuacha. "Vikishikana hakuna tena wa kaskazini wala wa magharibi. Utasemaje unauchepuka mji na wewe umeuzunguka mzima? Itakuwa barabara moja, jina moja. Na siku itakaposhikana na zile zinazotoka mikoani, itapewa namba, na dereva wa mbali kabisa ataijua kwa namba hiyo."

"Kumbe mchepuko nao hupandishwa cheo," akasema mzee. "Kama wewe. Juzi ulikuwa mbeba maboksi, leo unaitwa wakala."

"Na wewe ukipandishwa utakuwa nani, mzee wangu? Sultani wa masufuria?"

Nikawanyamazisha. Nikauliza, "Na vibao je?"

"Vitabadilishwa, Mama. Lakini si karibuni. Mpaka lile pengo la mtoni lizibwe. Usiwe na wasiwasi kabisa. Tena barabara ya duara haina kupotea. Ukikosa pa kushukia unazunguka tu, unarudi ulipoanzia."

Akauchukua mchepuko wa kaskazini, akauchovya kwenye maharage, akaula.

Hawakungoja pengo lizibwe.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua nyepesi, ile isiyoonekana mpaka umelowa. Nilimwosha mama yako, nikampaka mafuta ya nazi mikono na miguu, nikamsuka nywele mistari ya kwenda nyuma. Yule mjane mwenye nyumba alikwenda nasi na kikapu chake. Hatukuwa na lugha, mimi naye. Sokoni tulielewana kwa kubinya mboga: akibinya akakunja uso, siinunui. Wauzaji waliniita "laoban," yaani bosi, hata nilipochukua fungu moja la mchicha. Ndiyo, walikuwa na mchicha, wenye moyo mwekundu, na ukiuchemsha supu yake hugeuka rangi kama divai ya kanisani. Nilikuwa ninauchagua mchicha ule mvua ilipomwagika kama mzigo uliokatika kamba.

Ilishuka yote kwa pamoja. Wauzaji wakavuta maturubai, watu wote waliokuwa uwanjani wakakimbilia chini ya barabara, mikokoteni ikagongana, bata wakapiga kelele kwenye matenga. Nilikuwa nimemshika mama yako mkono. Nilimshika sawasawa. Lakini mvua na mafuta ya nazi vilikutana kwenye vidole vyake, na watu walipopita katikati yetu mkono ukachomoka kama samaki. Niligeuka, sikumwona. Nikaona migongo ya watu wazima tu, na maturubai, na maji.

Kwanza sikuogopa. Nataka uliandike hilo. Nilikaza kilemba, nikasukuma watu, nikaenda moja kwa moja kwenye kibao, maana nilijua atakuwa huko. Nilikuwa tayari nimeandaa maneno ya kumsifu.

Nguzo zilikuwepo. Kituo cha basi kilikuwepo, na watu wenye miavuli walikuwa wakisubiri. Nikainua macho. Kibao kilikuwa kipya, cha kijani kinachong'aa, bado kina vipande vya karatasi pembeni ambavyo havijabanduliwa. Juu yake palikuwa na alama nyingine kabisa, zilizojaa mistari na visanduku. Wale wawili waliopeana mgongo hawakuwepo. Na chini hapakuwa na mtoto.

Nilitazama ng'ambo ya barabara. Kibao kipya, alama zilezile ngeni. Nikakimbia hadi njia panda ya mbele. Kipya. Nikarudi nyuma kidogo, nikatazama upande mwingine. Kipya. Ndipo nikaelewa. Mama yako alikuwa mtoto mtiifu. Utii wake, ambao nilimshukuru Mungu kwa ajili yake kila siku, sasa ulinitisha kuliko mvua, kuliko malori, kuliko watu wote wa mji ule. Nilimwambia atafute wale wawili mpaka awaone. Sikumwambia asimame asipowaona. Angetembea. Angepita nguzo hata nguzo, akiinua macho kila kibao, asilie, asimfuate mtu, asimjibu mtu, kama nilivyomwagiza. Na barabara ile haikuwa na mwisho wa kumrudisha nyumbani; ilikuwa na mwisho mmoja tu niliouona kwa macho yangu, wenye nondo, juu ya maji.

Nilikimbia nikiita jina lake. Malori yalipita juu na kuifuta sauti yangu. Nikamshika mwanamume mmoja mkono, nikaweka kiganja usawa wa kiuno kumwonyesha kimo cha mtoto, nikajigusa ngozi ili ajue ni mtoto wangu. Akatikisa kichwa akasema "meyo," neno lile la sokoni la kusema hakuna. Nikamshika mwingine. "Meyo." Neno nililokuwa nalisikia kila siku kwa ajili ya unga na bamia, sasa nilikuwa naambiwa kwa ajili ya mwanangu. Mwanamke mmoja alivuta mkoba wake kifuani akanikwepa. Sikumlaumu. Kilemba kilikuwa kimedondoka, na nadhani nilikuwa ninaomba kwa sauti.

Mwenye nyumba alinikuta hapo, analowa, kikapu chake mkononi. Alisema maneno mengi. Mimi nikaonyesha kimo cha mtoto. Alielewa, uso wake ukabadilika. Lakini hakuelewa aliko mtoto wala kwa nini ninaonyesha kibao. Nikaonyesha kibao, nikatikisa kichwa. Nikaonyesha tena. Akakitazama, akanitazama, kama mtu anayemwona mwenzake amepagawa. Sikuwa na neno hata moja la kumpa. Ndipo nikamshika mabega, nikamgeuza, nikauegemeza mgongo wangu kwenye mgongo wake palepale kwenye matope, mbele ya watu wa basi, nikakunja goti.

 Nilisikia pumzi yake. Kisha akatamka neno moja, bila shaka lile la kaskazini, akalirudia kwa sauti kubwa, akachomoka akamwendea mfagiaji wa barabara aliyejikinga nyuma ya nguzo. Alimuuliza kwa ukali kama vile yeye ndiye aliyekiiba kibao. Mfagiaji akanyoosha ufagio kuelekea magharibi, akasema, akaonyesha kwa mikono kitu kipana kinachobebwa. Mwenye nyumba akamsimamisha mtu wa baiskeli ya magurudumu matatu iliyojaa kabichi, akapanda juu ya kabichi bila kuomba ruhusa, akanivuta.

Tulikwenda chini ya barabara ile muda ambao siwezi kukuambia urefu wake. Nilihesabu nguzo, nikapoteza hesabu, nikaanza tena, kwa kuwa kila nguzo ilifanana na iliyopita na niliona kama tunapita ileile. Nilimkumbuka wakala na chapati yake, na kwamba katika duara mtu hapotei. Nilifikiri: mtu hupotea zaidi mahali ambapo kila upande ni uleule. Kila kitu cheusi kilichokuwa chini kilinirukisha moyo. Gunia. Mbwa. Tairi. Sikuwa na mume karibu, sikuwa na ndugu, sikuwa na lugha. Nilijiona jinsi nitakavyoshuka kwenye ndege bila ya mtoto, na sura ya babu yako, na swali atakaloniuliza.

Tulifika mahali ambapo michepuko miwili inakutana na barabara zinapandana, na chini yake pakavu. Palikuwa na lori dogo limeegeshwa, na mafundi wamechuchumaa wanakula wali kwenye makopo. Nyuma yao, vimeegemezwa kwenye nguzo, vilikuwepo vibao vya zamani, vimekwanguka, vina kutu kwenye matundu ya misumari. Cha mbele kilikuwa changu. Niliwatambua wale wawili kabla sijatambua kitu kingine.

Na chini yao, juu ya ndoo iliyopinduliwa, mama yako alikuwa amekaa. Alikuwa ameipa dunia mgongo, uso kwenye kibao, goti amelikunja. Amefunikwa koti la fundi lililomshinda ukubwa.

Nilimkimbilia. Alisikia miguu yangu. Hakugeuka, maana hatukuwa tunageuka katika zoezi letu. Alisema, "Mama, umechelewa. Walikichukua, nikakifuata. Wanatembea polepole sana, wanasimama kila mahali. Sikumjibu mtu."

Kisha akasema, "Haya, kaa."

Nilikaa, mjukuu wangu. Nilikaa kwenye zege tupu, nikamwekea mgongo wangu kwenye mgongo wake, nikakunja goti. Moyo wake ulikuwa unadunda taratibu kama wa mtu aliyetoka usingizini. Wangu aliusikia, kwa kuwa aliniuliza, "Mama, umekimbia?" Nikamwambia ndiyo, nimekimbia kidogo. Na kwa kuwa tulikuwa tumepeana mgongo, hakuuona uso wangu. Alikuwa hajapata kuniona nalia, na siku ile pia hakuniona. Tulikaa hivyo mpaka uso wangu ukawa uso wa kutazamwa na mtoto.

Mwenye nyumba aliwagombeza mafundi, akanigombeza mimi, akamgombeza mtoto, kisha akachukua andazi la mvuke mkononi mwa fundi mmoja, akampa mama yako. Fundi hakubisha. Mwingine akammiminia chai kwenye kifuniko cha chupa. Walieleza kitu huku wakicheka na kuonyesha lori. Nadhani walisema kwamba walimfukuza arudi kwao kila waliposimama, naye akaendelea kuwa nyuma yao.

Jioni wakala alikuja, akakaa mlangoni, hakula. "Mama, ungempa kadi," alisema.

"Kadi ingemwambia kibao kimekwenda wapi?" nilimjibu.

 Lakini kesho yake nilimkuta mwenye nyumba ameketi kitandani kwangu, miwani puani, anashona kitu kigumu ndani ya pindo la gauni la mama yako. Sikumkataza. Nilimshikia taa.

Mwulize mama yako habari za siku hiyo. Nimekwisha kumsikia akiwasimulia wenzake. Atakuambia ilikuwa siku nzuri: alitembea nyuma ya lori, akaona vibao vikishushwa kwa kamba, akapewa koti na andazi lenye sukari ndani. Mvua haikumbuki. Nilimwachia ibaki hivyo, na ukiandika haya usimpelekee kabla sijafa.

Mengi ya mahali pale hayapo tena. Wanaokwenda siku hizi wananiambia nyumba ya mjane ilivunjwa, na kwamba Xiaobei imejaa watu wetu na maghala yamepanda angani. Wakala sijui aliko. Mzee wa masufuria alikwisha kuzikwa kwao Unguja. Barabara iliziba pengo lake la mtoni, ikawa duara, ikapata jina moja, na baadaye namba, kama tulivyoambiwa kwenye chapati, na anayeendesha lori juu yake leo hajui kwamba ilikuwa vipande. Vibao vile vya zamani bila shaka viliyeyushwa. Vyuma vyake labda ni masufuria. Katika dunia nzima, wanaojua kwamba wale wawili walikuwa nyumbani kwetu ni mimi na mama yako, na mwenye nyumba kama bado yu hai, na sasa wewe.

Kwa hiyo ulipokimbilia kibao kile asubuhi, nilikuona wewe, nikamwona na mwingine. Kesho utanipeleka pale mbele, unionyeshe maumbo yake moja moja, niyajue. Wakija kukibadilisha, nitataka kujua wanakipeleka wapi.

Sasa weka kalamu. Najua ulisita kuandika nilipofika kwenye ndoo, nilisikia. Sogeza kigoda chako hapa nyuma yangu, uniegemee, ukunje goti. Usigeuke bado.